Mate ya Masika

Mtaa wa Mapendo, Goma, 8 Septemba

Leo nimekusanya mate ya watu tangu asubuhi, na mikono bado inanuka hata baada ya sabuni. Mate ya mtu mmoja si kitu. Mate ya familia nzima nzima ndani ya sanduku moja, juani, ni habari nyingine.

Ndiyo kazi yangu mpya. Nimesoma sosiolojia, nikamaliza, nikaishia kuuza vocha za simu, na sasa Profesa Wenceslas amenichukua kwenye projè yake ya utafiti. Anataka kujua kwa nini watoto wengine wa familia zilizokimbia vita huko Beni na Butembo wanafika hadi diplome, na wengine wanaacha shule. Ni nyumba walimolelewa, au ni kitu walichozaliwa nacho? Basi tunawauliza maswali mengi juu ya shule, chakula na hasira, halafu kila mtu anatema mate ndani ya kichupa. Vichupa vinaenda Ulaya, na huko wanasoma vinasaba, hiyo ADN ambayo kila mtu anaitaja na hakuna aliyeiona. Profesa ni mtu wa upande wa Bukavu, mpole, anaongea taratibu kama padri anayetoa komunyo. Ninajivuna kusema ninafanya naye kazi.

Nilianzia kwenye parseli, ua ule ninapopanga chumba, kwa Papa Carlos, muuza maharage. Yule mzee ana mkono wa birika, hata mate yake hataki kuyatoa bure.

"Mate? Ya nini?" akaniuliza. "Kwetu mate ni ya kubarikia. Baba yangu alinitemea kwa kifua siku nilitoka kwetu, na njo maana niko muzima mpaka leo. Sasa niteme mu chupa, bazungu babarikiwe?"

Mkewe, Mama Masika, alikuwa anachambua maharage kwenye lungo. Hakucheka. Aliniuliza tu: "Christa, mwanangu, ile mate itasema nini?"

"Haitasema kitu, mama. Ni ya kuhesabu tu. Na mambo ya nani kazaa nani hatuyatoi kabisa. Profesa ametuahidi."

Aliyewashinda ni Masika, binti yao wa kwanza. Yuko sixième, mwaka wa mwisho wa sekondari, biokimia, na ndiye wa kwanza darasani. "Papa, ni sayansi!" alisema, akaninyang'anya kichupa, akatema huku anacheka, akakiinua kwenye mwanga kuangalia mapovu. Wazazi wake walitazamana. Nilidhani wanaona haya kutema mbele ya mpangaji. Mwishowe wakatema wote, na wavulana wadogo wakatema kwa kushindana.

10 Septemba

Mvua. Hakuna mate.

21 Septemba

Leo mtaa wa Keshero. Mzee mmoja alikuwa na tumbako mdomoni, kichupa kikajaa uji wa kahawia. Mama mmoja alikataa, akasema mate ya mtu ni njia ya wachawi. Nilimweleza kwa kirefu kwamba sisi si wachawi. Akanijibu: "Na bachawi banasemaka hivyo." Damien, mwenzangu wa kazi, alicheka mpaka akakaa chini.

3 Oktoba

Nilimwomba Papa Carlos maharage kidogo ya kupika. Alinipimia kwa kikombe, akakitazama, akarudisha yaliyozidi ndani ya gunia. Ashi! Mtu wa namna gani huyu? Mate yake yakifika Ulaya wataona kinasaba cha ubahili, kinang'aa.

15 Oktoba

Tumekaa ofisini siku nzima kwa sababu ya mvua. Profesa hataji watu kwa majina, na hilo ni sawa, ni kanuni. Lakini nimeona pia kwamba hasemi "watu." Anasema "malighafi." Malighafi ya Keshero ni nzuri, malighafi ya Mapendo haijatosha. Huwa anakula karanga huku akisema hivyo, maganda anayaacha juu ya karatasi za mahojiano, na mama wa usafi anakuja kuyakusanya.

Labda ni mimi tu. Nina njaa.

6 Novemba

Matokeo yamerudi. Profesa ametuita, amefunga mlango, uso unawaka kama wa bwana harusi.

"Tumepata lulu," alisema.

Lulu yenyewe ni hii. Katika nyumba moja ya Mapendo, binti wa kwanza hana undugu wa damu na mtu yeyote nyumbani. Si na baba tu, wala si na mama tu. Na wote. Ina maana wameokota mtoto wakamlea kama wao, na mtoto anawashinda wadogo zake shuleni. "Mnaelewa maana yake?" Profesa alisimama, akakaa, akasimama tena. "Damu nyingine, nyumba ileile! Hatuwezi kuwatenganisha watoto na wazazi wao kwa ajili ya utafiti, sheria haituruhusu. Lakini vita imetufanyia!"

Vita imetufanyia. Nimeiandika kama alivyoisema, nisije nikajidanganya kesho kwamba sikusikia vizuri.

Damien alisoma kwa sauti: baba muuza maharage, binti sixième, biokimia. Ni Masika wa kwetu. Yesu Maria. Mama wa watu anaitwa Mama Masika na mtaa mzima, hata na mumewe, jina lake la kuzaliwa, Kahambu, hakuna anayelikumbuka. Na mimi ndiye nimepeleka kichupa nyumbani kwake.

7 Novemba

Sikutaka kusema kitu. Lakini jioni Mama Masika alikuja kwenye mlango wangu na sahani ya sombe, majani ya muhogo, akaniangalia, akaweka sahani chini.

"Ile mate imesema," akaniambia. Hakuwa anauliza.

Nilimwingiza ndani. Masika alikuwa ametumwa sokoni. Mama alikaa kwenye kitanda changu akanieleza, bila machozi, kama mtu anayesimulia safari.

Walikuwa wanakimbia vita kutoka Oicha, upande wa Beni. Binti yao wa kwanza, Masika wa mwanzo, bado wa kunyonya, alikufa kwa homa njiani, wakamzika chini ya migomba ya watu wasiowajua. Kesho yake, kwenye shamba la maharage, walisikia kitoto kinalia. Mama yake alikuwa pembeni. Hakuna haja ya kuandika alikuwaje. Mama Masika akakiokota kile kitoto kwa sababu maziwa yake yalikuwa yanavuja bado.

Kwetu Wanande jina ni zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, mvulana wa pili ni Kambale, hata Papa Carlos ni Kambale kwa sababu hiyo. Mtu akifa, anaondoka na zamu yake. Wazee waliokuwa wanakimbia nao walikataa: huyu si Masika, mumutafutie jina lingine. Papa Carlos, yule yule wa kikombe cha maharage, alikichukua kile kitoto, akakitemea mate kifuani mbele yao wote, akasema: "Zamu haijapita. Huyu njo wa kwanza wangu."

"Na wale wazee?" niliuliza.

"Balinyamaza. Benye bako hai bako hapa Goma, Mapendo hapa hapa, Keshero. Banajua bote. Tangu ile siku hakuna mutu mwenye alisema."

Fikiria. Mtaa ambao mwanamke akinunua sufuria mpya habari inafika sokoni kabla yake, na hili wamelimeza wote.

"Masika atajua," aliendelea. "Papa yake hataki, lakini mimi nilisema, akishapata diplome, nitamukalisha chini, nitamwambia kwa mudomo yangu. Christa, uniachie ile kazi. Nitaifanya mimi."

Nilimwahidi. Baada ya yeye kutoka sikuweza kula ile sombe.

9 Novemba

Nimemwambia Profesa yale aliyonieleza Mama Masika. Nilidhani ataona aibu. Kumbe alifurahi!

"Kwa hiyo wamethibitisha," alisema, akachukua kalamu.

Nilimwomba asiitaje ile nyumba kwenye mkutano wa mwisho. Kila projè hapa Goma inafungwa hivyo: watu wanaitwa ukumbini, wanapewa soda za sukre na mandazi, wanaonyeshwa picha ukutani, wanapiga makofi. Inaitwa restitisho, yaani kuwarudishia watu matokeo yao. Na ukumbi utajaa Wanande, wale wale.

"Sitaji jina," alisema. "Nimeweka tu nafasi ya kuzaliwa. Baba, mvulana wa pili. Mtoto, binti wa kwanza."

"Profesa, hilo ndilo jina! Ukiandika binti wa kwanza mbele ya Mnande umeandika Masika. Ukiandika mvulana wa pili umeandika Kambale. Ongeza maharage na biokimia, hujaacha kitu."

Alicheka, akanigusa bega. "Christa, Mapendo ina akina Masika wangapi? Usiwe na moyo wa mpangaji. Uwe na moyo wa mtafiti." Halafu, huku anamenya karanga, akasema baada ya sikukuu tutakwenda Mugunga, kwa wakimbizi. "Kule watoto wa kuokotwa hawakosekani. Tukipata wengi kama yeye, tuna kitabu."

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo cha ofisi. Sisemi kwa mfano. Nimetapika chai na mkate.

14 Novemba

Mvua imebomoa mfereji wa mtaa. Papa Carlos alinipa gunia tupu la kuzuia maji mlangoni. Hakulipima.

25 Novemba

Nimemsumbua Profesa tena, na tena. Leo amechoka nami: "Sawa, itoe." Mimi ndiye ninayetayarisha picha kwenye ordinateri, kompyuta ya ofisi. Nimeufuta ule ukurasa mwenyewe, nikafungua tena kuhakikisha. Haupo. Nimepumua.

Masika ameombwa kusoma neno la shukrani kwa niaba ya wanafunzi. Anajifunza kwa sauti uani, Mama anamsahihisha Kifaransa asichokijua.

5 Desemba

Ninaandika kwa hasira, wala si kwa kingine.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Akina mama kwa vitenge vya Jumapili, wazee mbele, sukre kwenye makreti, mandazi kwenye ndoo. Masika alikaa safu ya mbele na karatasi yake ya shukrani, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Mama Masika na Papa Carlos safu ya tatu. Nilikuwa nimewaambia: msiogope, nimelitoa lile jambo kwenye picha.

Profesa alifika, akatoa kwenye mfuko wa koti kifaa chake kidogo cha kuhifadhia picha, akakichomeka kwenye ordinateri. "Nimeboresha kidogo usiku," akaniambia. Kabla sijafika mezani alishaanza.

Picha ya tano. Ukutani, herufi kubwa kama za bango la filamu: *Nyumba ya pekee. Baba: mvulana wa pili, biashara ya maharage. Binti wa kwanza: sixième, biokimia. Hana undugu wa damu na yeyote nyumbani.*

Watu waliacha kutafuna. Nilichomoa waya wa projekta. Damien, mjinga yule, alidhani ni hitilafu, akaurudisha.

Hapo mama mmoja mzee wa Oicha, nyuma kabisa, akaanza kuimba. Wimbo wa Bikira Maria, kwa sauti yote, katikati ya mkutano, bila sababu yoyote. Mwingine akaupokea, halafu safu nzima, halafu wazee. Wakasimama na kupiga makofi, wakijaza nafasi kati ya ukuta na macho ya Masika. Waliimba kama watu wanaomwaga maji kwenye nyumba inayoungua. Na Profesa akatabasamu, akapiga makofi nao! Alidhani wamefurahia matokeo.

Lakini wimbo una mwisho. Walipokaa, Masika alikuwa bado anatazama ukuta. Akainua mkono, kama darasani.

"Profesa, ule binti wa kwanza. Yeye anajua?"

"Swali zuri sana," alisema Profesa. "Hajui. Na hapo ndipo thamani yake kwetu. Akijua, atabadilika, na hatutakuwa tena na—"

"Mlimuuliza?"

Profesa aliangalia karatasi zake. "Alitema kwa hiari yake."

Masika akageuka polepole. "Mama?"

Mama Masika alivuta kitenge akafunika uso. Hilo lilikuwa jibu. Miaka yote ile alikuwa anayapanga maneno yake, ya kumwambia mtoto kwa mdomo wake mwenyewe, na sasa ukuta umemtangulia.

Papa Carlos akasimama. Alipita juu ya miguu ya watu, ndoo ya mandazi ikapinduka, hakuiangalia. Alifika mbele, akatema kwenye kiganja chake, akakibandika kwenye paji la uso la Masika, mbele ya wote, akakishikilia pale.

"Masika," alisema. "Zamu yako haijapita." Halafu akamgeukia Profesa: "Ile ya mu chupa mubaki nayo."

Ningependa kuandika kwamba mtoto alimkumbatia. Hakumkumbatia. Aliuondoa mkono wa baba yake kwa upole, akaacha karatasi ya shukrani kwenye kiti, akatoka mvuani. Lakini yale mate hakuyafuta. Nililiona hilo.

6 Desemba

Nilikwenda ofisini kuacha kazi. Profesa alikuwa ananingoja na furaha yake.

"Wameimba! Ina maana wameelewa. Christa, sasa tunaweza kumpima tena, kabla ya kujua na baada ya kujua. Ulete kichupa kingine. Ila tumngoje kidogo, yule baba amempaka mate yake usoni, tusije tukachanganya sampuli."

Nilimtazama. Nilitafuta mtu ndani yake, nikaona maganda ya karanga.

Nikamwambia neno moja la Kinande ambalo hakulielewa na ambalo mama yangu hangependa niliandike hapa. Nikaweka kitambulisho cha kazi juu ya maganda.

9 Desemba

Masika hajaenda shule. Mlango wao umefungwa. Majirani wanapita wanaacha vitu kizingitini, ndizi, makaa, jagi la maziwa, na hakuna anayebisha hodi. Papa Carlos hajaenda sokoni.

Jioni Masika alikuja kwenye dirisha langu. Hakuingia.

"Dada Christa, ninataka mate yangu. Ile kichupa. Mulisema restitisho ni kurudisha."

Nilisema nitakwenda kuiomba.

11 Desemba

Nimekwenda. Damien alinisomea karatasi ambayo watu wote walitia sahihi na hakuna aliyesomewa vizuri, hata na mimi. Mate yako Ulaya, ndani ya friji. Ni mali ya projè. Yanaweza kutumika kwa tafiti nyingine, na nyingine. Niliuliza hadi lini. Damien alitazama chini. "Hakuna mwisho," alisema.

Kwa hiyo Masika atazeeka, atakufa, na kule kwenye baridi atabaki kama alivyokuwa siku ile uani, anacheka, anatema.

13 Desemba

Mvua ilikuwa inajikusanya juu ya ziwa nilipokwenda kumwambia. Alikuwa barazani na mama yake, wanachambua maharage kwenye lungo moja. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona pamoja tangu ukumbini.

Aliponiona akainuka, akashuka mpaka nilipo.

"Umeyaleta?"

"Hawatoi, Masika. Nimeomba. Wanasema ni mali yao."

Nilifikiri atalia, nikajiandaa kumshika. Masika alikusanya mate mdomoni, akatema chini, karibu na vidole vyangu vya miguu.

"Na haya uyapeleke."

"Masika!" Mama aliruka kutoka barazani, sauti kali, lungo limemwagika. "Mukubwa wako ule! Mutoto gani huyu? Nilikufundisha vile, miye?"

Masika aligeuka. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Hapana, mama," alisema. "Nisamehe."

Alimwambia mama yake, si mimi. Akapanda barazani, akapiga magoti, wakaanza kuokota maharage pamoja. Mimi nilibaki nimesimama hapo, nikiyatazama yale mate yake udongoni, mpaka mvua ilipofika ikayachukua.